Sura ya Nne: Mkono Usio na Mwenyewe

Ni nani aliyemuua Lumumba: Wamarekani au Wabelgiji?

Ukikaa Lubumbashi muda wa kutosha, swali hilo litakufikia. Litakufikia kwenye basi la Likasi, litakufikia kwenye kilio usiku watu wakiota moto, litakufikia kutoka kwa kijana aliyezaliwa miaka 40 baada ya tukio lenyewe. Wengi hawaulizi ili wajibiwe. Jibu wanalo tayari, nalo ni la herufi tatu: CIA. Mwingine atadakia kwamba ni Wabelgiji. Kisha mzee mmoja atakohoa na kuwakumbusha kuwa Tshombe na Munongo, viongozi wa Katanga, hawakuwa Wazungu, na hapo mazungumzo hukwama mpaka mtu abadilishe habari.

Mimi ubishi huo unanivutia kuliko jibu lake. Mauaji ya Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, Januari 17, 1961, yalishuhudiwa na mawaziri, askari na polisi. Hayakufanyika mahali ambapo hakuna aliyeona. Inakuwaje basi, zaidi ya miaka 60 baadaye, tunabishana juu ya mwenye kazi? Ili tuelewe, inabidi tuijue ofisi ambayo hulipwa ili ubishi wa namna hii uwepo: tawi la operesheni za siri ndani ya idara ya ujasusi wa nje.

Siri za aina mbili

Jasusi tunayemjua kwenye filamu anaficha tendo. Anachukua karatasi, anaipiga picha, anairudisha pale pale, na mwenye karatasi hajui kamwe. Akijulikana, ameshindwa.

Operesheni ya siri inafanya kazi kinyume. Serikali inaanguka, gazeti linachapisha uzushi, chama kilichokuwa hohehahe kinapata magari ya kampeni, ndege inadondosha mabomu. Haya yote yanaonekana mchana kweupe, na lazima yaonekane, la sivyo hayana faida. Kinachofichwa ni mwenye kazi.

Chukua soko la Kenya (komini yetu ya Lubumbashi, si nchi). Mama anauza unga wa bukari, wateja wamejaa. Muuzaji wa meza ya pili anaona wivu. Anaweza kuingia kwenye stoo usiku, akahesabu magunia na kusoma daftari ili ajue mwenzake ananunua kwa bei gani. Huo ni ujasusi. Au anaweza kumpa kijana pesa kidogo apite sokoni akinong'ona kwamba unga ule umechanganywa na mihogo iliyooza. Soko zima litasikia, na yule mama atafilisika mbele ya macho ya watu. Jirani atakuwa wa kwanza kuja kumpa pole. Hiyo ndiyo operesheni ya siri, na ile pole ni sehemu ya operesheni.

Wamarekani waliiandika kanuni hii Juni 1948, katika agizo la Baraza lao la Usalama wa Taifa lenye namba 10/2: kazi za namna hii zipangwe hivi kwamba, zikifichuka, serikali iweze kukana na ikaaminika. Tuuite ukanaji wenye kuaminika. Lishike neno hilo, tutalihitaji mpaka ukurasa wa mwisho.

Ofisi yenye jina la upole

CIA, yaani shirika la ujasusi la Marekani, iliundwa 1947. Mwanzoni kazi za siri ziligawanywa kwa ofisi mbili zilizogombana. Mwaka 1952 zikaunganishwa na kuitwa Kurugenzi ya Mipango. Kwetu ukisikia Mipango unawaza barabara, maji, bajeti. Ndivyo walivyotaka. Mwaka 1973 jina likawa Kurugenzi ya Operesheni, 2005 likabadilishwa tena, na 2015 wakarudia lile la Operesheni. Majina hupita; kazi haibadiliki.

Msomaji wa hapa akisikia habari hizi humfikiria mtu wa ANR, idara yetu ya ujasusi iliyoundwa 1997. Tofauti ni kubwa. ANR inabeba ndani na nje kwa pamoja, kwa hiyo mwananchi anakutana nayo uwanja wa ndege na mipakani. Kurugenzi tunayoizungumzia hutazama nje ya nchi yake, na raia wa nchi hiyo anaweza kufa bila kumwona hata mtu wake mmoja. Sisi wa nchi za mbali ndio tunaowaona, bila kujua tumewaona.

Ngazi zake mwaka 1960 zilikuwa hivi:

- Makao makuu, Washington. Mkuu wa Mipango alikuwa Richard Bissell, na chini yake Bronson Tweedy aliyeshika Afrika.
- Kituo, yaani ofisi ya CIA katika mji mkuu wa nchi nyingine, ikijificha ndani ya ubalozi. Cha Léopoldville, Kinshasa ya leo, kiliongozwa na Larry Devlin, aliyefika Julai 1960 akiwa na kitambulisho cha kibalozi.
- Tawi la kituo, kwa miji mingine mikubwa. Elisabethville, yaani mji wetu kabla haujaitwa Lubumbashi, ulikuwa nalo.
- Wakala. Huyu si mwajiriwa. Ni mwanasiasa, askari, mwandishi au mhalifu ambaye afisa wa kituo anamlipa au anamshawishi afanye kazi.

Wengi hukosea kwenye ngazi hiyo ya mwisho. Tunamtafuta Mmarekani mwenye bastola, kumbe afisa wa kituo ni mtu wa kula chakula cha jioni na watu, kusikiliza, na kutoa bahasha.

Kwa nini huku kwetu? Macho ya kigeni hayakuanzia 1960. Mwaka 1940 Edgar Sengier, mkuu wa kampuni ya madini ya Union Minière, alisafirisha zaidi ya tani 1,200 za madini ya urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, hadi ghala moja la New York. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka kwenye shimo hilo. Wakati wa vita OSS, idara iliyoitangulia CIA, iliweka watu wake Kongo kuhakikisha madini hayo hayawafikii Wajerumani. Kwa hiyo Tshombe alipotangaza Julai 11, 1960 kwamba Katanga, jimbo letu, imejitenga, siku 11 tu baada ya uhuru, mji wa Elisabethville haukuwa kijiji kisichojulikana kwa watu wa kazi hizi.

Joe wa Paris

Agosti 18, 1960, Rais Eisenhower na baraza lake walizungumza juu ya Kongo. Mwandishi wa kumbukumbu za kikao hicho, Robert Johnson, alieleza miaka 15 baadaye kwamba aliyoyasikia kutoka kwa Rais aliyaelewa kuwa ni amri ya kumuua Lumumba. Wengine waliokuwa katika vikao vya siku zile wamekataa. Agosti 26 mkuu wa CIA, Allen Dulles, alimpelekea Devlin telegramu: kumwondoa Lumumba ni lengo la haraka na la kwanza, na kituo kinaruhusiwa kutumia hadi dola 100,000.

Soma neno "kumwondoa". Kumwondoa madarakani, au kumwondoa duniani? Lugha ya ofisi hii imetengenezwa hivyo. Bosi hasemi, wa chini anaelewa, na siku ya kuulizwa kila mmoja ana mlango wake wa kutokea.

Septemba 5 Rais Kasavubu alimfukuza Lumumba uwaziri mkuu. Septemba 14 Kanali Mobutu alichukua madaraka. Devlin ameandika katika kitabu chake cha 2007 kwamba Mobutu aliomba dola 5,000 kwa ajili ya maofisa wake kabla ya kupindua, naye akampa. Ni pesa kidogo kuliko bei ya gari zuri la leo, na ilifungua njia iliyofika kwenye miaka 32 ya utawala wake.

Lakini Lumumba alikuwa bado hai ndani ya nyumba yake, akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa, na nje yao wamezunguka askari wa Mobutu waliotaka kumkamata. Mwishoni mwa Septemba akafika Léopoldville mgeni aliyejitambulisha kwa Devlin kama "Joe wa Paris". Jina lake la kweli ni Sidney Gottlieb, mwanakemia wa CIA. Mkobani alikuwa na sumu ya vijidudu, sindano, glavu na kitambaa cha kufunika pua. Sumu ilikusudiwa iingie katika chakula cha Lumumba, au katika dawa yake ya meno.

Haikutumika. Kumfikia mtu ndani ya pete mbili za askari si kazi ya siku moja, na Devlin anasema roho yake haikukubali. Aliiweka kwenye sefu, baadaye akaitupa katika Mto Kongo. Hata hivyo, Oktoba kituo hichohicho kiliomba makao makuu yalete bunduki yenye darubini na kizuia sauti kwa mkoba wa kibalozi. Roho ya mtu na telegramu zake si lazima viseme kitu kimoja.

Makao makuu yakaongeza watu. Afisa mmoja mkubwa aliyetakiwa kusimamia mauaji alikataa, akasema yuko tayari kumvuta Lumumba nje ya ulinzi ili akamatwe tu. Kisha wakaletwa mawakala wawili wenye majina ya siri: QJ/WIN, mhalifu wa Ulaya aliyeajiriwa Luxembourg, na WI/ROGUE, mtu asiye na nchi, mghushi na mwizi wa benki wa zamani, ambaye CIA ilimpa upasuaji wa kubadilisha sura na nywele za bandia kabla ya kumsafirisha. Wote wakajikuta Léopoldville katika hoteli moja, hakuna anayejua kuwa mwenzake analipwa na tajiri yuleyule. WI/ROGUE akamwona QJ/WIN, akampenda kwa kazi, akamwahidi dola 300 kwa mwezi ajiunge na kikosi cha mauaji. QJ/WIN akaenda kituoni kuripoti kuwa kuna mtu wa ajabu hotelini.

Kila nikisoma kisa hiki nacheka, halafu nanyamaza. Hii ndiyo mashine ambayo tumezoea kuipa uwezo wa Mungu.

Siku tatu za kimya

Novemba 27 Lumumba alitoroka usiku wa mvua kuelekea Stanleyville, ambako wafuasi wake walikuwa na nguvu. Desemba 1 akakamatwa ukingoni mwa mto Sankuru, akafungwa Thysville. Hata gerezani alikuwa hatari: katikati ya Januari askari wa Thysville waliasi, na wakubwa wa Léopoldville wakaogopa asije akatolewa.

Januari 14, 1961, kiongozi mmoja wa serikali alimwambia Devlin kwamba Lumumba atahamishiwa Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo, mikononi mwa maadui zake. Kila mtu aliyeifahamu siasa ya mwezi ule alijua maana yake. Kituo ambacho kwa miezi mitano kilituma telegramu kuhusu kila pumzi ya Lumumba hakikuwaarifu Washington habari hii mpaka Januari 17, siku yenyewe ya safari. Na Januari 20 John Kennedy alikuwa anaapishwa. Washauri wake walifikiriwa kuwa huenda wangelegeza kamba.

Sumu ilishindwa, bunduki haikutumika, wahalifu wawili walikuwa mchezo wa kuigiza. Kilichofanya kazi ni pesa za Septemba na telegramu isiyotumwa ya Januari. Kama ningelazimishwa kuonyesha mahali ambapo mkono wa kurugenzi ile unagusa mwili wa Lumumba, ningeonyesha siku hizo tatu. Nazo hazina alama ya kidole, kwa maana kunyamaza hakuachi karatasi.

Kwa kifupi, hadi hapa tulipofika: CIA ilipanga kumuua, ikaandaa vifaa, ikashindwa, iliwalipa na kuwatia moyo waliomkamata, na ilipopewa habari ya safari ya mwisho, haikuzuia wala haikuuliza.

Wenyeji na washauri wao

Uwanja wa Bakwanga ulikuwa na askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Ghana, kwa hiyo safari ikageuzwa ije kwetu. Jioni ya Januari 17 DC-4 ilitua Luano. Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito walikuwa wamepigwa njia nzima. Askari wachache wa Uswidi wa Umoja wa Mataifa waliwaona wakishushwa. Walipelekwa Villa Brouwez, nyumba iliyokuwa nje kidogo ya mji, wakapigwa tena. Usiku uleule, mnamo saa nne kasoro, walipigwa risasi porini, kilomita zipatazo 50 kutoka mjini, mahali tunapopaita Shilatembo. Tshombe na Munongo, waziri wake wa mambo ya ndani, walikuwepo. Kapteni Julien Gat wa gendarmerie na kamishna wa polisi Frans Verscheure, wote Wabelgiji waliotumikia Katanga, walikuwepo pia.

Ubelgiji haikuhitaji mwanakemia wa kutoka Paris. Watu wake walikuwa tayari ndani ya kila ofisi ya Katanga, wakiitwa washauri. Frédéric Vandewalle, aliyekuwa mkuu wa usalama wa koloni lote, naye alitumwa Elisabethville. Mshauri ni kifuniko bora kuliko kitambulisho cha ubalozi, kwa sababu haongopi: kweli anashauri. Ni Mkatanga anayetia sahihi. Oktoba 6, 1960, waziri wa Ubelgiji wa mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, aliandika kwa telegramu kwamba lengo kuu ni kumwondoa Lumumba moja kwa moja. Januari 16 akatuma nyingine, akimtaka Tshombe ampokee mfungwa bila kukawia.

Siku zilizofuata kamishna mwingine wa polisi, Gerard Soete, alifukua miili, akaikata na kuiyeyusha kwa asidi. Alibaki na meno. Jino moja lilitwaliwa na mahakama ya Ubelgiji 2016 kutoka kwa binti yake, likarudishwa kwa familia Brussels Juni 20, 2022, na kabla ya kuzikwa Kinshasa lililetwa huku, likafika hadi Shilatembo.

Mtu anayeitwa Tatu

Msidhani kazi hizi ziliishia kwa mtu mmoja. Vita vya waasi walioitwa Simba vilipowaka mashariki 1964, serikali ya Kongo ghafla ikawa na ndege za kivita na marubani. Marubani walikuwa Wakuba waliomkimbia Castro, walioajiriwa na CIA. Mafundi walikuwa Wazungu wa kampuni iitwayo WIGMO, iliyoandikishwa Liechtenstein, nchi isiyo na jeshi. Bendera ya ndege ilikuwa ya Kongo. Ziwani Tanganyika, kutokea Albertville, Kalemie ya leo, boti za Wakuba hao zilizuia silaha zilizovuka kutoka Kigoma.

Na ng'ambo ya maji Wakuba wengine walikuwa wakija. Aprili 1965 Che Guevara alivuka ziwa kwa siri kuwasaidia waasi. Yeye na wenzake walijipa majina kwa hesabu ya Kiswahili: Víctor Dreke akawa Moja, José María Martínez Tamayo akawa Mbili, na Che mwenyewe, ili asijulikane kuwa ndiye mkubwa, akawa Tatu. Ukanaji wenye kuaminika si mali ya Wamarekani peke yao. Miezi saba Wakuba kwa Wakuba walipigana Kongo, kila upande ukijificha nyuma ya Wakongo. Tatu aliondoka Novemba 21. Usiku wa Novemba 24 Mobutu alipindua mara ya pili, na safari hii akabaki.

Tunayajuaje haya?

Kwa sababu wenye siri waligombana. Mwaka 1975, baada ya kashfa ya Watergate, tume ya Seneti ya Marekani chini ya Frank Church iliwahoji maofisa wa CIA. Devlin alitoa ushahidi kwa jina la bandia, Victor Hedgman. Tume ikaeleza sumu, bunduki na wale wawili wa hotelini, kisha ikahitimisha kuwa haikuona ushahidi wa CIA kushiriki katika mauaji yenyewe. Mwaka uliofuata Rais Ford alipiga marufuku mauaji ya kisiasa. Ubelgiji ilingoja mpaka kitabu cha Ludo De Witte cha 1999 kiiaibishe. Tume ya bunge lake ikatoa ripoti 2001, ikikubali wajibu wa kimaadili, na Februari 2002 waziri Louis Michel akaomba radhi. Mwaka 2013 Washington ilichapisha kitabu rasmi cha nyaraka za Kongo, kikionyesha kuwa mpango wa siri ulioanza Agosti 1960 ulidumu karibu miaka 7 na, hadi 1968, uligharimu takriban dola milioni 12.

Mengine bado yamefungwa. Ndege ya Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, ilianguka karibu na Ndola usiku wa Septemba 17, 1961, alipokuwa akienda kuonana na Tshombe. Aliyekabidhiwa kuchunguza upya ni mtu wa lugha yetu, Jaji Mkuu mstaafu wa Tanzania Mohamed Chande Othman. Tangu 2015 ameandika ripoti moja baada ya nyingine, na katika kila moja anarudia kuziomba serikali zilezile zifungue makabati.

Februari 13

Nirudi Elisabethville. Tawi la CIA la mji huu halikujua kama mfungwa anakuja. Januari 19 liliwatumia wakubwa telegramu ya mzaha, likigeuza wimbo wa Kimarekani wa kuoka keki: asanteni kwa Patrice, tungejua anakuja tungemwokea nyoka. Maofisa hao hawakujua kwamba mtu wanayemtania amekufa siku mbili, mwendo wa saa moja kutoka ofisini kwao. Februari 10 waliandika kwamba hatima ya Lumumba ndiyo siri iliyofichwa vizuri kuliko zote Katanga.

Siku tatu baadaye Godefroid Munongo aliwaita waandishi wa habari. Akasema Lumumba na wenzake walitoroka, wakauawa na wanakijiji. Kijiji hatakitaja, ila kitapewa zawadi ya faranga 400,000. Hakujisumbua kuonyesha huzuni. Alijua waandishi hawakumwamini, akawaambia anajua watasema sisi ndio tuliomuua.

Jibu lake likawa neno moja: thibitisheni.